Kutoka Dodoma kwenda kuona nyangumi na ndege wa bahari: panga siku kwa upepo na maji

Wakazi wengi wa Dodoma hupanga safari ya pwani kwa kutazama likizo: Nane Nane, Krismasi, Pasaka. Kama lengo ni kuogelea, haina shida. Kama lengo ni kuona nyangumi na makundi ya ndege wa bahari, likizo ndiyo iwe ya mwisho kuangaliwa. Kwanza msimu, pili umri wa mwezi wa angani, tatu upepo wa wiki hiyo. Ukivipanga hivi vitatu, siku tatu za pwani zinatosha. Ukivipuuza, hata wiki mbili zinaweza kuisha umeona maji matupu.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Nyangumi anayeonekana zaidi pwani yetu ni nyangumi wa nundu, kwa jina la kisayansi Megaptera novaeangliae. Mkubwa hufika mita 12 hadi 16, na mapezi yake ya ubavuni peke yake hukaribia theluthi ya urefu wa mwili. Hula kwenye maji baridi karibu na Antaktika, kisha hupanda kaskazini kuja kupandana na kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Mimba yake ni miezi 11 hadi 12, na ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi. Kwetu wa kwanza huonekana Julai, wengi ni Agosti na Septemba, na Oktoba ni wa kumalizia, wengi wao mama na ndama. Anayekwenda Desemba kwa ajili ya nyangumi amechelewa.

Ndege nao wana ratiba yao. Chekeamwezi, sululu na jamaa zao wa ufukweni huzaliana kaskazini ya mbali, wengine Siberia kabisa, na huanza kutua pwani yetu mwishoni mwa Agosti. Septemba wanaongezeka wiki hadi wiki, Oktoba wamejaa, na huondoka Machi na Aprili. Ndege anayestahili safari peke yake ni yule mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Huzaliana pwani za Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Hurudi kwetu kuanzia Agosti na Septemba, ingawa wachache hukaa mwaka mzima.

Sasa upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na makali yake ni Juni na Julai, mara nyingi hadi Agosti. Hapo ndipo Nane Nane inapotuangusha: nyangumi wapo, lakini bahari imechafuka na ndege wahamiaji hawajafika. Kuanzia katikati ya Septemba kusi hulegea, na kati yake na kaskazi ya mwisho wa mwaka kuna kipindi cha bahari tulivu.

Ukivilinganisha vyote, dirisha la vyote viwili ni kati ya tarehe 10 Septemba na 15 Oktoba. Mtu anayetaka nyangumi tu aende mwisho wa Agosti. Anayetaka ndege tu ana nafasi hadi Machi, na hahitaji kulipa boti hata moja.

Anayebanwa na likizo ya Desemba aelekee Mafia akamwone papa potwe mbele ya Kilindoni, ambako msimu wake ni Oktoba hadi Machi. Huyo ni samaki, si nyangumi: hapulizi mvuke, na mkia wake umesimama wima ilhali wa nyangumi umelala bapa.

Hatua ya 2: Hesabu umri wa mwezi

Hatua hii ndiyo watu wa bara huikosa, kwa sababu Bwawa la Hombolo halipwi wala halijai. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapokuwa gizani na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar hufika mita 3 na nusu au zaidi. Hayo ni maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi, na hayo ni maji mafu.

Kwa ndege tunataka bamvua. Maji yanapopwa sana, tope na mchanga hufunuka hadi mamia ya mita, wakati mwingine zaidi ya kilomita, na ndege hutawanyika mbali wakila. Yanaporudi, yanawasukuma hatua kwa hatua hadi mbele ya miguu yako. Maji mafu hayawasukumi vya kutosha.

Lakini bamvua ina mtego wake. Siku yenyewe ya mwezi mpevu au gizani, na ile inayofuata, maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati uleule ambao boti ya nyangumi inapaswa kurudi. Kwenye fukwe zenye mwamba na maji ya kina kifupi, boti inakwama nje na abiria wanatembea juu ya mawe na miiba ya baharini wakiwa na mizigo kichwani.

Kwa hiyo chagua siku ya tatu, ya nne na ya tano baada ya mwezi mpevu au mwezi gizani. Bamvua bado ina nguvu, ila saa zimesogea. Maji huwa yamejaa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, boti inatoka bila taabu. Hupwa kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Kisha hupanda mchana kutwa, na ndege wanasukumwa kuja kwako kati ya saa 9 na saa 11 jioni, jua likiwa mgongoni mwako kama ufukwe unatazama mashariki. Asubuhi nyangumi, jioni ndege, siku moja.

Mfano wa mwaka 2026: mwezi uko gizani tarehe 11 Septemba, mpevu tarehe 26 Septemba, na gizani tena tarehe 10 Oktoba. Siku zako ni 14 hadi 16 Septemba, 29 Septemba hadi 1 Oktoba, na 13 hadi 15 Oktoba. Kundi la mwisho linaikumbatia Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, kwa hiyo mfanyakazi wa serikali anaomba ruhusa ya siku chache tu. Ila nyangumi watakuwa wamepungua. Kama unaweza kuchagua, chukua mwisho wa Septemba.

Huna jedwali? Kalenda ya Kiislamu iliyopo ukutani inatosha kwa kupanga: siku hizo huangukia karibu na tarehe 2 hadi 4, au 17 hadi 19, za mwezi wa Kiislamu. Kisha thibitisha saa kwa programu ya simu au jedwali la maji la Dar es Salaam au Zanzibar. Angalia mambo mawili kwenye jedwali. La kwanza, liwe linasoma saa za Afrika Mashariki. Mengine husoma saa za kimataifa, na hapo unakosea kwa saa tatu kamili. La pili, 16:00 ya jedwali ni saa 10 jioni. Kosa hili dogo hupoteza watu jioni nzima.

Hatua ya 3: Chagua mahali

*Dar es Salaam, kwa bajeti ndogo.* Upande wa nyangumi ni kusini ya Kigamboni, kuelekea Ras Kutani, kwenye sehemu zilizoinuka. Upande wa ndege ni Kunduchi na Ununio, kwenye tope la mikoko na mashamba ya chumvi. Usitafute nyangumi ukiwa umesimama mchangani. Jicho lililo mita 2 juu ya maji huona upeo wa kilomita 5 tu; lililo mita 10 huona kilomita 11, na mita 20 huona 16. Baraza la ghorofa ya tatu lina thamani kuliko darubini ya bei kubwa.

*Unguja, ndilo chaguo letu la kwanza.* Nungwi, ncha ya kaskazini, ina maji yenye kina karibu na ufukwe, kwa hiyo boti hutoka saa yoyote ya maji, na bahari kuu haiko mbali. Ndege utawapata Ghuba ya Chwaka, ambako tope na mikoko ni vipana. Ukilala Matemwe badala ya Nungwi, uliza kwanza boti inatokaje maji yakipwa.

*Mtwara, kwa mwenye wiki nzima.* Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kina kirefu karibu sana na nchi kavu. Ni mbali, lakini hakuna msongamano wa boti.

Utasikia pia habari za Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisicho na watu mbali kusini mashariki ya Unguja, ambako ndege wa bahari kuu huzaliana kwa wingi. Si safari ya mgeni wa bahari. Ni masaa mengi kwenye maji ya wazi, na kushuka wakati ndege wanaatamia ni kuwafukuza juu ya mayai, jua likayapika.

Hatua ya 4: Safiri bila kuihesabu siku ya njiani

Treni ya SGR imebadilisha hesabu tangu Julai 2024: Dodoma hadi Dar ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne, badala ya kushinda kutwa kwenye basi. Kata tiketi mapema, beba kitambulisho, na fika stesheni mapema kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo. Chukua treni ya asubuhi. Stesheni ya Dar iko jirani na bandari, bajaji ni dakika chache, na boti ya abiria kwenda Unguja hutumia saa mbili hivi. Kutoka mjini Unguja, daladala namba 116 huenda Nungwi.

Kwenye boti hiyo ya abiria kaa nje, upande wenye kivuli. Ni nafasi ya bure ya kuzoesha jicho: buabua wakivua, shakwe wakifuata meli, na pengine pomboo.

Fika siku moja kabla ya siku zako tatu. Jioni hiyo ongea na nahodha, tazama ufukwe maji yakiwa juu, lala mapema.

Hatua ya 5: Soma upepo

Siku tatu kabla ya kuondoka, na kila jioni ukiwa huko, soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukiona tahadhari ya upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hakuna safari ya boti, hata nahodha akisema yeye amezoea. Chini ya kilomita 20 kwa saa ndiyo hali ya kufanyia kazi. Zaidi ya hapo povu jeupe hutapakaa juu ya mawimbi, na pumzi ya nyangumi haitofautiani tena na povu. Wapo palepale, ila huwaoni.

Kusi huwa mpole alfajiri na hupata nguvu kuanzia saa 4 au saa 5. Toka saa 12:30 asubuhi, uwe umerudi saa 4:30.

Hatua ya 6: Kubaliana na nahodha kabla ya kulipa

Boti hulipiwa kwa safari, si kwa kichwa, kwa hiyo kundi la watu watano au sita ndilo nafuu. Malizana kwa maneno ya wazi: saa ya kutoka na ya kurudi, mafuta ni ya nani, watu wangapi, na nini kitatokea upepo ukikataa. Maeneo ya hifadhi yana kiingilio kinacholipwa kwa control namba. Uliza kama kimo ndani ya bei, na udai risiti.

Kagua mwenyewe kabla ya kupanda: jaketi okozi moja kwa kila mtu, lenye mikanda inayofunga, na la saizi ya mtoto kama yupo, injini ya akiba, au boti ya pili inayotoka pamoja nanyi, simu mbili zenye chaji ndani ya mfuko usioingiza maji. Injini ikizimika wakati wa kusi, mkondo hauwasubiri. Nahodha asiyependa kukaguliwa, achana naye.

Na hili lisemwe ufukweni, kabla injini haijawaka: hatufukuzi. Boti ibaki mita 100 au zaidi kutoka kwa nyangumi, na mita 300 akiwa na ndama. Iende sambamba naye kwa mwendo mdogo. Isimkatie mbele wala isimfuate kwa nyuma. Nusu saa ikitimia, ondokeni. Mama anayenyonyesha hapa hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo kutoka kusini, na kila kukimbizwa kunamlia akiba ya safari ya kurudi. Akianza kubadili mwelekeo mara kwa mara au kupiga mkia majini mkiwa karibu, mmeshazidi. Na hakuna kuruka majini kuogelea naye, hata wengine wakifanya hivyo.

Kuhusu kichefuchefu: mtu wa bara asijidanganye. Muulize mfamasia dawa ya kuzuia kutapika safarini na uinywe saa moja kabla. Kula kidogo, kitu kikavu, ndizi au chapati isiyo na mafuta mengi. Supu ya alfajiri iache. Kaa katikati kuelekea nyuma ya boti, tazama upeo, usitazame simu. Anayeshinda ameinamia kamera ndiye wa kwanza kuugua.

Hatua ya 7: Tafuta pumzi, kisha tazama saa

Darubini ya 8×42 au 7×50, yaani inayokuza mara 8 au mara 7, inafaa. Ya mara 10 hutikisika mno kwenye boti. Anza kwa macho matupu: pitisha jicho taratibu kwenye mstari wa upeo, kushoto kwenda kulia, kisha rudi. Unachotafuta ni mvuke mweupe unaoinuka hadi mita 3 hivi, mnene kama kichaka, unaoning'inia sekunde chache kisha unafutika. Povu la wimbi huanguka, pumzi huinuka. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo usipambane nalo: tazama zaidi kusini mashariki.

Ukiiona, soma saa. Nyangumi mkubwa hupumua mara kadhaa, sekunde chache zikipita kati ya pumzi na pumzi, kisha hukunja mgongo, pengine huinua mkia, na kuzama dakika 5 hadi 15. Watu wengi hukata tamaa dakika ya sita na kumwambia nahodha aondoe boti. Zimeni injini, subirini. Ndama hawezi kukaa chini muda mrefu, kwa hiyo akiwepo mtamwona akiibuka peke yake huku mama yuko chini. Alipozama hubaki duara la maji laini, kama yamemwagiwa mafuta. Hilo linaonyesha alikuwa wapi, si alipo.

Tazameni pia juu. Buabua wakizunguka na kutumbukia sehemu moja, chini kuna samaki, mara nyingi jodari wakiwasukuma dagaa juu. Wavuvi huwasoma ndege hao kila siku, na nahodha aliyewahi kuvua atawaona kabla yenu. Hapo ndipo penye ndege wa bahari ya wazi ambao ufukweni hawaonekani.

Hatua ya 8: Jioni, waache ndege waje

Kwa ndege, kazi kubwa ni kukaa. Fika maji yakiwa yameanza kupanda, saa 8:30 au saa 9 mchana, ukae chini penye kivuli cha mkoko au ukuta, jua mgongoni. Vaa yeboyebo au viatu vya mpira, usitembee peku. Usifuate ndege mbali kwenye tope: maji ya bamvua hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na unajikuta uko kisiwani.

Sululu utamjua kwa mdomo mrefu uliopinda chini. Chekeamwezi wadogo hukimbia na wimbi na kurudi nalo. Mla kaa husimama, hukimbia hatua chache, hudaka, kisha humpigapiga kaa hadi miguu ikatike. Mtazame mmoja kwa dakika kumi kuliko kuhesabu mia kwa haraka.

Kundi lote likiinua vichwa kwa pamoja na kuacha kula, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua ishirini. Maji yakijaa kabisa watasimama wamebanana mchangani, wamepumzika. Wengine wametoka kuruka maelfu ya kilomita. Usiwarushe ili upate picha.

Mazoezi unaweza kuyafanya nyumbani. Kuanzia Septemba baadhi ya chekeamwezi hupita pia Hombolo na kwenye maji ya Bahi, na Singida mjini maziwa ya Kindai na Singidani huwa na heroe (flamingo). Asubuhi mbili za darubini huko zinakuondolea kuhangaika na kioo siku ya boti.

Upepo ukikataa

Katika siku tatu, tarajia moja kuharibika. Usijaribu kuifidia kwa kutoka saa 8 mchana. Bahari ya mchana wakati wa kusi ni mbaya kuliko ya asubuhi uliyoikimbia. Hamishia siku hiyo kwenye ndege: asubuhi mikoko, jioni ufukwe. Upepo mkali wa kusi mara nyingine husogeza buabua na ndege wa bahari kuu karibu na nchi, kwa hiyo panda penye mwinuko na utazame maji ya karibu. Ukirudi chumbani, pangusa darubini na kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kabla ya kitambaa kikavu. Chumvi iliyokauka hukwaruza kioo. Kisha mpigie nahodha kabla ya saa 2 usiku, mkubaliane upya kuhusu saa 12:30 ya kesho.